Dira ya kielektroniki inapokosea ndani ya gari: anza na dalili, fuata chanzo

Malalamiko ni yaleyale, awe dereva wa watalii, mpima ardhi, au msafiri aliyesimama kando ya barabara akitafuta kibla: nje ya gari dira inasoma vizuri, akiingia ndani inasema mengine. Wengi huamua kwamba simu imeharibika, au hununua kioo kipya cha kati (cha kutazamia nyuma) chenye dira, na kosa linabaki palepale. Ni pesa inayouma, maana mara nyingi hakuna kilichoharibika. Sensa inapima sumaku yote iliyopo pale ilipo. Ndani ya gari, sehemu ya sumaku hiyo ni ya dunia na sehemu ni ya gari lenyewe, na sensa haiwezi kuzitenganisha mpaka uisaidie.

Namba zinaonyesha kwa nini. Uga wa sumaku wa dunia, nguvu inayopimwa kwa maikrotesla, ni kati ya 25 na 65 kutegemea mahali ulipo. Afrika Mashariki ni thelathini na kitu. Hiyo ni nguvu ndogo sana. Waya mmoja unaobeba ampea 10 ukipita sentimita 10 kutoka kwenye sensa unatengeneza maikrotesla 20. Sumaku ya stendi ya simu ikigusana na simu inatoa mamia au zaidi. Ongeza spika za milango, paa la chuma, mota ya wipa na feni ya AC, ndipo utaona kwamba dira ikisoma sawa ndani ya gari bila kusawazishwa, yaani bila kufundishwa kuitenga sumaku ya gari, imebahatika tu.

Kabla ya dalili yoyote

Kwanza jua unasoma nini, kwa sababu vitu vitatu tofauti vyote vinaitwa dira. Cha kwanza ni sensa ya sumaku ndani ya simu. Cha pili ni dira ya gari lenyewe: herufi ndogo kwenye kona ya kioo cha kati, au kile kiskrini cha juu ya dashibodi ambacho Pajero na Prado nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilikuja nacho, kinachoonyesha mwelekeo na joto la nje. Cha tatu ni mshale wa ramani wakati unaendesha. Huo hautegemei sumaku. Unatokana na setelaiti: chombo kinalinganisha ulipokuwa na ulipo sasa, kisha kinachora mstari.

Pili, fanya jaribio la nje. Shuka na simu, tembea mita kumi hivi mbali na gari, mbali pia na geti la chuma, nguzo za umeme na karavati lenye nondo. Toa kava. Zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane mara kadhaa, kisha fungua programu ya dira inayoonyesha pia maikrotesla. Kenya, Uganda au Tanzania utegemee kitu kati ya 30 na 36. Mwenzetu wa London ategemee karibu 49, wa Muscat arobaini na kitu. Namba ikiwa ya kawaida na mwelekeo ukiwa sahihi, simu ni nzima, na tatizo liko garini. Namba ikikataa hata hapo nje, tatizo liko kwenye simu au kwenye kitu ulichobandika juu yake, na hakuna haja ya kuigusa gari.

Jaribio hili halichukui muda wala pesa. Nashangaa kila mara ninapoona watu wanaliruka na kuanza kufungua dashibodi.

Dalili ya 1: Simu iko sawa nje, inakosea ndani

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni stendi ya sumaku. Ile ya duara unayobandika kwenye matundu ya AC, pamoja na kibati cha chuma unachoweka nyuma ya simu, inatosha kuimaliza dira kabisa. Baada yake kuna kava: zile zenye kifuniko kinachofunga kwa sumaku, zenye pochi ya kadi, na zenye duara la sumaku la kuchajia bila waya. Toa simu kwenye stendi, toa kava, pima tena ukiwa umeketi palepale. Wengi wanamalizia hapa.

Kama kosa limebaki, tembeza simu polepole ndani ya gari huku ukitazama maikrotesla. Karibu na mlango wa mbele namba itapanda, kwa sababu spika iko chini ya kitambaa. Juu ya dashibodi itapanda au itashuka, na kushuka si dalili njema pia: 15 maana yake chuma cha gari kinaivuta sumaku ya dunia kando au kinaipinga. Tafuta mahali ambapo namba inakaribia ile ya nje. Mara nyingi ni hewani katikati ya gari, kwenye usawa wa kifua, mbali na paa, milango na sakafu kwa pamoja.

Usisawazishe simu kwa kuizungusha namba nane ukiwa umeketi ndani. Kila sehemu ya hewa unayoipitisha simu ina uga wake tofauti, kwa hiyo simu inajifunza mchanganyiko usio na maana, kisha ukishuka itakosea hata nje kwa muda. Kama imeshatokea hivyo, izungushe upya ukiwa mbali na gari.

Kwa anayetafuta kibla safarini, jibu ni moja: shuka, sogea mbali na gari, ndipo upime. Na ni vizuri kuwa na picha kichwani ya jibu lenyewe. Makka iko kwenye longitudo ya karibu 39.8 mashariki, na Mombasa na Dar es Salaam ziko karibu na mstari huohuo, kwa hiyo kwa watu wa mwambao kibla ni kaskazini karibu kabisa, ikiegemea mashariki kwa digrii moja au chini ya hapo. Nairobi ni kama digrii 7 mashariki ya kaskazini. Programu ikikuelekeza magharibi ukiwa Tanga, usiifuate. Kuna sumaku karibu nawe.

Dalili ya 2: Gari linageuka, dira haitoki upande mmoja

Unazunguka kipilefti kizima na dira inasema kaskazini, kaskazini-mashariki, kaskazini, bila kufika kusini hata mara moja. Hapa sumaku ya karibu imezidi ile sehemu ya sumaku ya dunia iliyolala sambamba na ardhi, ambayo ndiyo dira inaitegemea. Nairobi sehemu hiyo ni karibu maikrotesla 30. Ikikutana na 50 za sumaku inayosafiri pamoja na gari, mshindi anajulikana.

Angalia kwa mpangilio huu: stendi na kava; antena au taa ya paa inayoshikwa kwa sumaku; kitu cha sumaku kilichoachwa kwenye kiboksi cha katikati, kama tochi ya fundi yenye kitako cha sumaku au trei ya kuhifadhia nati; spika mpya kubwa iliyofungwa karibu na kioo cha mbele. Spika za muziki mzito zina sumaku nzito, na fundi redio hafikirii dira anapozipachika.

Ukiondoa kitu hicho, sawazisha upya. Wengi wanasahau hatua hii, kisha wanasema kuondoa sumaku hakukusaidia. Dira ya gari inatunza hesabu ya zamani. Ikiwa ilikuwa imejifunza kuifidia sumaku ile, sasa itakosea upande wa pili.

Dalili ya 3: Iko sawa ukielekea upande mmoja, inakosea ukigeuka

Hii ndiyo dalili yenye maelezo mengi kuliko zote, na ukiielewa unaweza kupata chanzo bila kufungua skrubu hata moja. Mabaharia wameifanyia kazi tangu meli za chuma zilipoanza, na mbinu yao inafaa gari vilevile: andika jedwali la makosa.

Unahitaji uwanja mpana au barabara ambazo unaweza kwenda pande zote, na mtu wa pili wa kuandika. Dereva asiandike. Kwenye simu fungua programu ya setelaiti inayoonyesha mwelekeo wa safari kwa digrii (si programu ya dira), kisha endesha mstari ulionyooka wa mita mia hivi kwa kilomita 20 kwa saa au zaidi, maana chini ya hapo mwelekeo wa setelaiti unayumba. Mwenzako aandike setelaiti inasema nini na dira inasema nini. Fanya hivyo ukielekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Ukiweza, na zile nne za katikati.

Tuseme umepata hivi: ukielekea kaskazini dira inazidisha digrii 18, mashariki inazidisha 3, kusini inapunguza 14, magharibi inazidisha 5. Kwanza tafuta wastani wa zote nne, ukihesabu kuzidi kama chanya na kupungua kama hasi: 18 na 3 na 5, ukitoa 14, ni 12, gawanya kwa nne, unapata 3. Hilo ni kosa la kudumu, na nitalieleza kwenye dalili inayofuata. Kisha tazama kaskazini na kusini: moja imezidi sana, nyingine imepungua sana. Ishara kugeuka hivyo ukigeuza gari nusu mzunguko ni alama ya sumaku ya kudumu inayosafiri na gari.

Tena, jedwali linakuambia sumaku iko upande gani. Kosa likiwa kubwa ukielekea kaskazini na kusini, nguvu inayovuta iko kushoto au kulia kwa dira: tazama milango, spika, nguzo za pembeni. Likiwa kubwa ukielekea mashariki na magharibi, nguvu iko mbele au nyuma yake: tazama dashibodi, mota ya wipa, redio, bampa la chuma na winchi. Katika mfano wetu ni la pembeni, bila shaka.

Kuna sura ya pili. Kosa linazidi kaskazini, linapungua mashariki, linazidi tena kusini, linapungua tena magharibi. Hilo linajirudia mara mbili katika mzunguko mmoja, na chanzo chake si sumaku ya kudumu. Ni chuma laini cha bodi, paa, keria, kinachopindisha uga wa dunia unapopita ndani yake. Hakuna kitu cha kukitafuta na kukiondoa. Dawa yake ni kusawazisha dira ikiwa imefungwa mahali pake pa kudumu, au kuihamisha mbali na chuma. Ukiongeza keria nzito ya kubebea hema juu ya paa, tegemea kosa la aina hii kubadilika, na usawazishe upya hata kama jana ilikuwa sawa.

Ikiwa dira yako haina njia ya kusawazishwa, jedwali lenyewe ndilo tiba. Libandike ndani ya kizuia jua na uwe unasahihisha kichwani. Jahazi likikaa na jedwali la namna hiyo linaaminika, na gari pia.

Dalili ya 4: Kosa ni lilelile kila upande

Ukikuta dira inazidisha digrii 10 kaskazini, 10 kusini, 10 kila mahali, acha kutafuta sumaku. Kuna sababu mbili kubwa.

Ya kwanza ni kifaa kufungwa kimeelekea pembeni. Kiskrini cha dashibodi kilichobandikwa kwa gundi upande wa dereva, kikamtazama yeye badala ya kutazama mbele ya gari, kinabeba kosa la pembe ileile. Kigeuze kikae sambamba na urefu wa gari.

Ya pili ni tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi. Kenya na Tanzania tofauti hiyo ni ndogo, digrii chache tu, na kwa dira ya gari haionekani. Lakini Amerika Kaskazini ni suala zito: Portland jimboni Maine, ambako wanaishi Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, kaskazini ya sumaku iko kama digrii 15 magharibi ya ile halisi, Seattle iko kama digrii 15 upande wa pili, mashariki. Ndiyo maana magari ya soko la kule yana mpangilio wa kanda, kuanzia 1 hadi 15, na kitabu cha gari kina ramani yake. Ukihama jimbo, badili kanda. Na gari la namna hiyo likiletwa Bujumbura au Bukavu, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, linafika na kanda ya mwenye gari wa kwanza. Liweke kwenye 8, ambayo ni kanda ya katikati ambako tofauti ni karibu na sifuri.

Kwenye simu, angalia kama programu imewekwa kaskazini halisi au ya sumaku. Ukiilinganisha na ramani ya karatasi, tumia halisi.

Dalili ya 5: Inasoma vizuri mpaka uwashe kitu

Gari likiwa limezimwa dira iko sawa. Unawasha taa kubwa, au feni ya AC namba nne, au unachomeka chaja, na mwelekeo unahama. Hii ni sumaku ya mkondo wa umeme, na kuipata ni rahisi: simama, washa kitu kimoja kimoja, na uone kipi kinasogeza dira.

Wahusika wa kawaida ni waya wa chaja unaopita karibu na dira, kisha waya za vifaa vilivyoongezwa baadaye, kama taa za ziada, kamera ya dashibodi, inveta, friji ya kwenye buti. Fundi akipitisha waya chanya juu ya nguzo ya kioo na kuifunga hasi kwenye bodi karibu na kifaa, mkondo unakwenda njia moja na kurudi nyingine, na katikati yake kuna uga mkubwa. Mwambie apitishe chanya na hasi pamoja, zikiwa zimesokotwa kama kamba. Uga wa moja unafuta wa nyingine. Gharama ni mita chache za waya tu.

Kama huwezi kusuka waya, ongeza umbali. Uga wa waya mmoja unapungua kadiri unavyokaa mbali nao: maikrotesla 20 kwenye sentimita 10 zinakuwa 4 kwenye sentimita 50.

Kwenye gari la haibridi au la umeme mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kebo za chini ya sakafu zinaweza kubeba ampea mia na zaidi unapokanyaga mafuta au breki. Dira ikiyumba unapoongeza mwendo na kutulia ukisimama, chanzo ni hicho, na hupaswi kufanya lolote kwenye kebo hizo. Zimevikwa ganda la rangi ya machungwa makusudi ili watu wasiziguse. Hamisha dira juu, au soma mwelekeo wa setelaiti.

Dalili ya 6: CAL au C haiondoki kwenye kioo, au gari limetoka meli na dira imechanganyikiwa

Nimeziweka pamoja kwa sababu dawa ni moja.

Gari lililokuwa Tokyo lilisawazishwa kwenye uga wa karibu maikrotesla 46, unaoingia ardhini kwa mwinamo wa karibu digrii 50. Huku kwetu, kusini ya ikweta ya sumaku ambayo inapita juu Ethiopia, uga ni dhaifu zaidi na unaelekea juu, ukitoka ardhini. Chuma cha gari kinachosimama wima, kama nguzo za milango, kilikuwa kimevutwa upande mmoja kikiwa Japani. Hapa kinavutwa upande wa pili. Kwa hiyo dira ya gari lililoshuka Mombasa au Dar es Salaam inatumia hesabu ambazo si za hapa. Haijaharibika. Wala usimlaumu aliyekuuzia.

Kusawazisha: tafuta eneo wazi, mbali na nyaya kubwa za umeme, reli, mizani ya magari, maegesho ya chini ya jengo na vituo vya mafuta, ambavyo vina matangi chini na paa la chuma juu. Zima vitu vyote usivyohitaji. Funga milango na madirisha, maana mlango uliofunguliwa ni chuma kilichohama. Bonyeza na ushikilie kitufe cha dira mpaka CAL, alama ya kusawazisha, itokee (sekunde zinatofautiana kwa gari, kitabu chake kitasema). Kisha zunguka duara polepole, kilomita 8 kwa saa au chini, mpaka herufi za mwelekeo zirudi. Mzunguko mmoja mara nyingi hautoshi, endelea.

CAL ikigoma baada ya mizunguko mingi, angalia kama ulikuwa unakwenda kasi mno, kama uwanja una chuma chini yake, kisha kama kuna sumaku kubwa ya dalili ya 2. Ukivipita vyote vitatu, bodi yenyewe huenda imejisumakisha.

Bodi hujisumakisha kwa kuchomelewa, kwa kukaa miaka na antena ya sumaku juu ya paa, na wakati mwingine kwa mkondo mkubwa uliopita vibaya wakati wa kubusti betri. Alama yake: simu ukiipitisha sentimita chache juu ya paa, maikrotesla zinapanda ghafla mahali pamoja pasipo na kitu chochote chini. Kuna koili ya kuondoa usumaku, ileile mafundi wa televisheni za zamani walikuwa wakitumia kusafisha rangi za skrini. Inafanya kazi kwa bati la paa. Lakini ni kazi ya fundi anayejua, na iwe mbali na nguzo na kingo za paa zenye eabegi.

Dalili ya 7: Inakosea mlimani tu

Dira nyingi za gari zina sensa mbili zilizolala, bila ya tatu ya kusimama, hivyo gari likiinama zinachota sehemu ya uga wa wima. Tuna bahati huku: karibu na ikweta ya sumaku uga umelala, na mteremko wa digrii 10 pembeni unaleta kosa la kama digrii 5 Nairobi, wakati London ungezidi 20. Subiri barabara ilale sawa, usome. Hakuna cha kutengeneza.

Dalili ya 8: Kwenye foleni, mshale wa ramani unazunguka wenyewe

Umesimama, na ramani inasema umetazama nyuma. Gari lisipotembea setelaiti haina mstari wa kuchora, kwa hiyo programu ama inabaki na mwelekeo wa mwisho ama inageukia sensa ya sumaku ya simu, ambayo iko juu ya stendi ya sumaku. Sogea mita ishirini mshale utajirekebisha. Ikiwa inakusumbua kila mara kwenye makutano, badili stendi ya sumaku ununue ya kubana kwa mikono.

Dalili ya 9: Haionyeshi kitu kabisa

Bonyeza kitufe; watu huizima bila kujua wakati wa kufuta kioo. Kisha fyuzi. Kisha uliza kama kioo cha mbele kilibadilishwa karibuni, kwa sababu fundi vioo hurudisha kioo cha kati na kusahau kuchomeka waya wake. Zaidi ya hapo ni fundi umeme wa magari mwenye mita.

Dalili ya 10: Sensa uliyoifunga mwenyewe inatoa sifuri

Hii ni ya vijana wanaotengeneza vifaa vya kufuatilia magari. Kibao cha sensa cha GY-271 kinauzwa kama chenye chipu ya HMC5883L ya Honeywell, ambayo anwani yake ni 0x1E. Vingi vilivyoko sokoni vina QMC5883L, chipu nyingine yenye anwani 0x0D na mpangilio tofauti wa rejista. Tafuta anwani kwanza, kisha tumia maktaba ya programu inayolingana. Ikianza kusoma, ifunge imara mahali pake kabla ya kuisawazisha; ukiisawazisha mezani kisha ukaipeleka garini, umesawazisha meza.

Wapi uache na uite fundi

Usifungue nguzo za kioo cha mbele wala kingo za paa kupitisha waya wa dira. Kwenye magari mengi kuna eabegi za pembeni ndani yake, na ikifyatuka usoni mwako inaweza kukupofua. Anayelazimika kufanya kazi karibu nazo anakata betri kwanza na kusubiri muda ambao kitabu cha gari kinataja.

Kama nyuma ya kioo cha kati kuna kamera inayotazama barabara, ile inayofunga breki yenyewe au kuonya ukihama mstari, usiisogeze hata kidogo. Ikirudishwa ikiwa imepinda, gari litaiona barabara mahali isipo, na kuipanga upya kunahitaji mashine ya karakana.

Kioo cha kati kinachojififisha chenyewe usiku kina majimaji katikati ya vioo viwili. Kikipasuka na kuvuja, usikiguse kwa mikono mitupu, badilisha chote.

Fyuzi ya dira ikiungua tena baada ya kubadilishwa, acha. Usiweke kubwa zaidi wala kipande cha waya. Kuna mahali waya umegusa bodi, na mahali hapo patafutwe kabla gari halijawashwa tena.